Sanduku la dawa lenye kufuli la namba: miezi nane nalo, nimeona mazuri na mabaya

Sanduku lenyewe ni la bati gumu, jeupe, juu lina mkono wa kubebea, mbele kufuli la namba tatu, ndani trei mbili zinazonyanyuka ukifungua, halafu wanakupa na kijisanduku cha plastiki cha kupanga vidonge vya wiki nzima pamoja na kipimajoto kidogo cha kubandika. Jina la kampuni naliacha manake haya masanduku yako mengi na yote yanafanana, kama unalotaka kununua lina hivi vitu basi ninayoandika hapa yanakuhusu. Nalipatia nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya kile kijisanduku cha wiki, nitafika huko, na tafadhali hiyo sehemu usiiruke.

Nilinunua kwa hofu, nasema ukweli. Mama yangu alikuja kukaa kwetu, ana presha na sukari na damu yake ilikua imepungua, dawa zake nyingi anatembea nazo kwenye mkoba na mkoba anauweka chini pembeni ya kitanda. Siku moja naingia chumbani namkuta mwanangu, alikua na miaka miwili na nusu, kakaa sakafuni, kichupa kiko wazi, vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu vimemwagika mapajani kwake na kimoja anakitoa mdomoni kimelowa, rangi nyekundu imebaki kwenye ulimi. Nilihisi miguu imeisha nguvu. Bahati mama alikua anakumbuka siku aliyofungua kile kichupa, tukahesabu vilivyobaki vikatimia pamoja na hicho alichokilamba, lakini bado tulikimbia hospitali na chupa mkononi na daktari akasema chupa ndo imemsaidia, kwa sababu alisoma hapohapo ni dawa gani na kila kidonge kina kiasi gani.

Watu wengi hawajui kwamba vidonge vya kuongeza damu ni hatari namna hii kwa mtoto. Sisi tunaviona kama vitamini tu. Vinang'aa, vina rangi, vimepakwa utamu kwa nje, mtoto anaona peremende. Akimeza vingi yale madini ya chuma yanachoma tumbo halafu yanaenda kuharibu ini, na kibaya zaidi mtoto anaweza akatapika kisha akaonekana amepata nafuu kwa masaa kadhaa wakati ndani mambo yanaendelea kuharibika. Marekani vidonge hivi viliua watoto wadogo wengi mpaka ilipofika 1997 serikali ikalazimisha onyo liandikwe kwenye chupa. Na kama imetokea kwako, usimtapishe mtoto wala usikae kusubiri dalili, nenda na pakiti. Parasetamo hivyohivyo, mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa siku ya kwanza wakati ini linaumia, na dawa yake ya kuzuia hiyo sumu inafanya kazi vizuri zaidi akiipata ndani ya masaa 8.

Sasa utasema chupa ilikua na kile kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha. Ndio ilikua nacho. Lakini vidole vya mama vimekakamaa, kubonyeza huku anazungusha inamuuma, kwa hiyo alikua anakiegesha tu juu, hafungi. Na hata kikifungwa vizuri kile kifuniko hakijatengenezwa kumzuia kila mtoto. Kilianza Kanada mwaka 1967, daktari wa watoto anaitwa Henri Breault alichoka kuona watoto wanaletwa kwake wamemeza dawa, na Marekani wakatunga sheria 1970. Ila kipimo chao cha kukipitisha kiko hivi: wanawapa watoto wa miaka mitatu na nusu hadi minne na kidogo, dakika 5 wajaribu wenyewe, wakishindwa mtu mzima anawaonyesha anavyofungua, wanapewa dakika 5 nyingine, na kama asilimia 80 wameshindwa basi kifuniko kimefaulu. Yaani watoto 20 kwenye kila 100 wanaweza kukifungua ndani ya dakika 10 na bado kikaruhusiwa. Nilipojua hilo ndo nikaagiza sanduku usiku uleule.

Haya, sanduku. Kufuli ni zuri, hapo sina ubishi. Magurudumu ya namba ni makubwa, mama anaona bila kuhangaika kutafuta miwani, yanazunguka bila kukwama na yana mlio ukifika kwenye namba. Likija kutoka kiwandani namba yake ni 000 na nimegundua watu wengi wanaliacha hivyohivyo, nimeshaenda kwenye nyumba mbili nikajaribu 000 likafunguka. Badilisha siku ileile. Nilichagua la namba na sio la funguo kwa sababu funguo zinapotea na zikipotea siku mtu anahitaji dawa haraka ni balaa. Mama mwanzoni alikataa kabisa, alisema yeye sio mtoto wa kufungiwa dawa zake, na alikua na haki, kwa hiyo nikamwambia mama namba utachagua wewe, sisi utatuambia. Hapo akakubali. Kama unaishi na mzee fanya hivyo, usimpangie.

Kuna dawa ambazo hazitakiwi kufungiwa humu hata kidogo. Inhela ya mtu mwenye pumu, sindano ya mzio mkali, kidonge cha kuweka chini ya ulimi cha mtu mwenye moyo. Mtu akibanwa kifua usiku halafu mkono unatetemeka kwenye namba, sekunde zinaenda. Sisi inhela ya mume wangu iko nje ya sanduku, juu kabisa, sehemu moja ambayo kila mtu mzima wa nyumba anaijua hata kwenye giza. Na sanduku lenyewe likiwa na kufuli bado liweke juu, ule mkono wa kubebea mtoto akiuona anauvuta tu.

Kipimajoto ndo kitu nilichokidharau na ndicho kimenifundisha zaidi kuliko kufuli. Kwanza niliweka sanduku juu ya kabati la jikoni, sababu ni juu na mtoto hafiki. Baada ya siku tatu nikapanda kuangalia wakati wa kupika, kinasoma 34. Nikachukua dawa moja moja nikaanza kusoma maandishi madogo ambayo sijawahi kuyasoma maisha yangu yote, nyingi zinasema zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, baadhi chini ya 25. Mvuke wa sufuria unapanda juu, joto linapanda juu, na mimi nimezipeleka hukohuko juu. Na bati linashika joto haraka, kwa hiyo humo ndani dawa zilikua zinaokwa taratibu kila jioni. Nikahamishia kwenye kabati la nguo chumbani, rafu ya juu, kwenye ukuta usiopigwa na jua kwa nje, sasa hivi kinacheza 25 mpaka 27. Zile mbili za chini ya 25 nilienda kumuuliza mfamasia, akanielekeza moja moja. Kwenye gari usiliache hata kwa dakika za kuingia dukani, gari likifungwa juani linageuka jiko.

Bafuni ndo usithubutu. Najua kuna vile vikabati vya kioo juu ya sinki na watu wanaviita kabati la dawa, lakini hakuna sehemu mbaya kama ile, kila mtu akioga maji ya moto unyevu unajaa mle. Nilikua na chupa ya aspirini imekaa bafuni muda mrefu, wakati nahamisha vitu kwenye sanduku nikaifungua, ikanipiga harufu ya siki. Siki kabisa, kama mtu amemwaga achari. Vidonge vimekua na unga unga juu, ukivisugua kidoleni vinamomonyoka. Mfamasia akanieleza kwamba aspirini ikishika unyevu inavunjika na moja ya vitu inavyovunjikia ni ileile asidi ya kwenye siki, kwa hiyo pua ndo inakwambia dawa imekufa. Mama alikua anameza hizo kila siku kwa ajili ya moyo. Sijui ni siku ngapi alikua anameza kitu kilichokwisha, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo nielewe vizuri ninaposema sanduku ni zuri. Kufuli linamzuia mtoto. Joto na unyevu havihitaji namba ya siri, na mauzo ya hivi vitu yanakufanya uamini ukishafunga umemaliza. Mfuniko wa hili una mpira pembeni wa kubana, wanausifia sana, ni kweli unazuia vumbi, lakini ukiweka kitu chenye majimaji ndani ule mpira unafungia unyevu humohumo. Kijiko cha sirapu kilichooshwa hakijakauka, usiweke. Vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya chupa vimeandikwa usile, viache humo vinanyonya unyevu, ila pamba iliyoshindiliwa juu ya vidonge itoe ukishafungua chupa, pamba ikianza kuguswa inavuta unyevu kuingiza ndani. Mimi nilikua nafanya kinyume, natupa kipakiti nairudisha pamba kwa uangalifu.

Sasa kijisanduku cha wiki.

Kina vyumba 14, asubuhi na jioni kwa siku saba, na karatasi ya maelekezo inasema panga dawa zako zote za wiki mara moja. Hilo neno zote ndo limeninyima usingizi. Mdogo wangu anaishi na sisi, ana kifafa, anatumia valproate, vidonge vyake vinakuja kila kimoja kwenye karatasi yake ya fedha ya kubinya. Jumapili akavitoa vyote akavipanga kwenye vyumba, vizuri kabisa kama walivyosema. Alhamisi asubuhi ananiita, dada njoo uone, vidonge vimenata kwenye plastiki, vimevimba, ukivigusa vinaacha ulojo kwenye kidole. Hiyo dawa inanyonya maji ya hewani, inatakiwa ikae kwenye karatasi yake mpaka dakika unayoimeza na imeandikwa hivyo kwenye maelezo yake, na mtu wa kifafa akipata dozi pungufu anaweza kuanguka popote. Mdogo wangu hakuanguka, nashukuru sana. Lakini hakuna sehemu yoyote kwenye maelekezo ya hilo sanduku inayosema kuna dawa hazitakiwi kutolewa kwenye pakiti yake. Hata neno moja la muulize mfamasia hakuna.

Na sio hiyo tu. Dabigatran, ya kuzuia damu kuganda, inakaa kwenye chupa yake yenyewe na ukishaifungua chupa una miezi 4. Kidonge cha chini ya ulimi cha nitrogliserini kinakaa kwenye kichupa chake cha kioo, kimefungwa kabisa, kwa sababu ile dawa inapaa na plastiki inainyonya, mtu anaweza kuweka kidonge ulimini siku moyo umembana na ndani kumebaki chokaa tu. Halafu kuna mambo ya kawaida zaidi, vidonge vikishatoka kwenye pakiti vyote ni vyeupe vya duara. Mama cha sukari na cha kupunguza maji mwilini ukiviweka kiganjani hujui kipi ni kipi. Na vile vivyumba vinafunguka kwa ukucha, mwanangu nilimpa kikiwa kitupu nione, alifungua vyote kabla sijamaliza kuhesabu hadi ishirini. Sisi bado tunakitumia lakini kwa vidonge vitatu tu vya mama ambavyo mfamasia amevipitisha, tunapanga siku tatu tatu, na kinalala ndani ya sanduku lililofungwa. Hakuna kukiacha mezani.

Kingine kuhusu pakiti, ukikata karatasi ya vidonge ili itoshe kwenye trei angalia unakata upande gani. Tarehe ya mwisho huwa imegongwa kwenye ncha moja tu, ukianza kutumia upande huo na kukata unabaki na vidonge ambavyo hujui vinaisha lini. Anza upande wa pili. Na ikiandikwa mwezi na mwaka tu maana yake ni mpaka siku ya mwisho ya huo mwezi. Wengine wanasema dawa ikipita tarehe inapungua nguvu tu haina shida, sio kwa zote, mwaka 1963 waliripoti wagonjwa walioharibikiwa figo kwa kumeza tetrasaiklini, ni antibayotiki, iliyochakaa.

Tangazo la hili sanduku lina picha ya peni ya insulini imelazwa kwenye trei ya juu, na hiyo inapotosha. Insulini ambayo hujaanza kuitumia inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ukishaanza kuitumia ndo inaweza kukaa nje sehemu isiyozidi 30, nyingi zinasema siku 28, nyingine zaidi au pungufu, soma kipeperushi chake. Na friji nayo ina namna yake. Niliwahi kusukuma boksi la insulini ya mama mpaka nyuma kabisa, nikidhani kwenye baridi zaidi ndo salama zaidi, asubuhi nalivuta limegandia ukutani na barafu. Ikishaganda imekwisha, hata ikiyeyuka ikawa inaonekana safi kabisa usimchome mtu. Tulitupa boksi zima. Sasa iko rafu ya katikati, ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko, mbali na ule ukuta wa nyuma, na sio kwenye mlango manake mlango unafunguliwa mara hamsini kwa siku.

Dawa za maji. Chupa ndefu ya sirapu haisimami humu, trei zikishuka inabanwa, inabidi uilaze na ukiilaza inavuja. Pima chupa zako kabla hujanunua, mimi ningechukua saizi inayofuata. Zile antibayotiki za unga zinazochanganywa na maji kwa mtoto ukishachanganya zina siku chache tu, kawaida 7 mpaka 14, lebo inasema na inasema pia kama ni friji au hapana. Naandika tarehe kwa peni ya wino mzito palepale kwenye chupa. Na ikibaki ni ya kutupa, hatuwekei ugonjwa ujao. Matone ya macho hivyohivyo, mengi ukishafungua ni wiki 4, sio mpaka ile tarehe ya kwenye boksi. Nilikua na chupa ya matone ya mwaka mzima na nilikua namuwekea mtoto machoni.

Trei ya chini sasa ndo ya vitu vya kutoka, vilivyoisha muda na vya matibabu yaliyokwisha. Kila mwisho wa mwezi navipeleka duka la dawa linalopokea. Kama karibu na wewe hawapokei, vitoe kwenye pakiti, changanya na mchanga au majivu mtu asitamani kuviokota, funga kwenye mfuko vizuri ndo utupe, na futa jina lako kwenye lebo. Plasta za maumivu makali zenye fentanyl hata zilizotumika bado zina dawa ya kutosha kumuua mtoto, hizo fuata maelekezo yake yenyewe hatua kwa hatua.

Mwisho kabisa kuhusu ubora. Mwezi wa tano bawaba ya trei ya juu ililegea, trei inainama upande na vidonge vinaserereka. Nikamuandikia muuzaji, akachukua wiki tatu kunijibu, nikatumiwa skrubu mpya za saizi ileile ambazo hazikushika chochote manake tundu lilishapanuka. Fundi akaweka skrubu nene kidogo na washa, kile kipete cha chuma cha kukazia, kwa nyuma, tangu hapo imetulia. Kufuli halijawahi kunisumbua hata siku moja. Niliwaandikia pia kuhusu ile karatasi ya maelekezo na neno zote, nikawaambia habari ya valproate na picha nikawatumia, mpaka leo hawajajibu. Nitaandika tena wiki hii.